Intaneti inakata kila jioni, na fundi anasema laini ni nzima

*"Tunaishi ghorofa ya tatu, Ilala, Dar es Salaam. Tumefungiwa faiba. Mchana intaneti iko vizuri kabisa, lakini ikifika saa moja usiku mambo yanaharibika. Nafanya kazi ya uhasibu kwa kampuni ya nje na mikutano yetu ya video huwa saa mbili usiku: picha inaganda, sauti inakuwa kama ya roboti, mwisho natolewa. Ajabu ni kwamba meseji za WhatsApp zinaenda, na nikipima spidi naona 40 na kitu. Tulikuwa na kifurushi cha Mbps 20 tukapandisha hadi 50, sijaona tofauti. Nikizima ruta na kuiwasha inatulia kama dakika ishirini, halafu inarudia. Fundi alikuja saa nne asubuhi, akapima, akasema laini ni nzima. Jirani anasema tatizo ni mkongo wa baharini. Mume wangu anataka tununue busta. Ruta iko sebuleni nyuma ya TV, mimi nafanyia kazi chumbani. Tuna watoto wawili, simu tano, TV moja, na kamera mbili za ulinzi zinazohifadhi video mtandaoni. Tufanye nini kabla hatujahama kampuni?"*

Dada, busta msinunue kwanza, na mkataba msivunje. Kwa ulivyoeleza, naona dalili za matatizo mawili yanayokutana jioni, na yote mawili yana uwezekano mkubwa wa kuwa ndani ya nyumba yenu. Nasema uwezekano kwa sababu kuna kipimo kimoja hamjafanya, na hicho ndicho kitakachoamua. Nitakieleza chini.

Nianze na fundi, maana naona umemkasirikia. Hakukudanganya. Saa nne asubuhi watoto wako shule, mume yuko kazini, simu tatu kati ya tano hazipo nyumbani, TV imezimwa, na majirani wengi wametoka. Alipima laini ikiwa haina mzigo wowote. Kosa ni la muda aliokuja. Tatizo la saa mbili usiku linapimwa saa mbili usiku, na kama kampuni haina fundi wa saa hizo basi mtalipima wenyewe. Si kazi ngumu.

Jirani naye tumtoe njiani haraka. Mikongo ya baharini hukatika kweli. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na watu wa Tanzania, Kenya na Uganda walihangaika kwa siku kadhaa. Lakini mkongo ukikatika, unakatika mchana na usiku, kwako na kwa mtaa mzima, na redio zinatangaza. Haukatiki saa moja usiku ukapona asubuhi ukisubiri watoto waende shule.

Sasa kuhusu spidi, hapa ndipo wengi wanapopotea na wauza vifurushi wanapopata riziki. Ile namba 40 unayoiona, yaani Mbps au megabiti kwa sekunde, ni wingi wa data unaoweza kupita kwa sekunde. Simu ya video haihitaji wingi. Simu moja ya video yenye picha nzuri hutumia kati ya Mbps 1 na 4 hivi, kwa hiyo hata kile kifurushi chenu cha 20 kilitosha na kubaki. Inachohitaji ni kwamba kila kipande kidogo cha sauti na picha kifike upesi na kwa mpangilio. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, linashauri kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili watu waongee bila kukanyagana. Ikichelewa sana, au ikifika kwa kurukaruka, ndipo mtu anageuka roboti. Meseji ya WhatsApp hata ikichelewa sekunde mbili hutajua. Ndiyo maana zinaenda. Na kipimo cha spidi, hasa ukitazama ile namba kubwa tu ya katikati, hakikuonyeshi kuchelewa huku.

Kwa hiyo swali ni: kipande hicho cha sauti kinacheleweshwa wapi? Kutoka kompyuta yako hadi kwa kampuni kuna sehemu mbili tu za kushuku. Ya kwanza ni hewani, kati ya kompyuta na ruta. Ya pili ni kati ya ruta na kampuni, kupitia faiba. Watu huziita zote mbili "Wi-Fi" na kuzilaumu kwa pamoja. Ile alama ya Wi-Fi iliyojaa kwenye simu inakueleza tu kwamba simu inaisikia ruta vizuri. Juu ya faiba haisemi chochote.

Kipimo chenyewe ni hiki. Tafuta kebo ya mtandao, ile yenye kichwa cha plastiki angavu, na uchomeke kompyuta moja kwa moja kwenye tundu la LAN nyuma ya ruta. Kompyuta nyingi mpya nyembamba hazina tundu hilo. Kuna kigeuzi cha USB kinachouzwa Kariakoo, na katika vitu vyote nitakavyovitaja leo hiki ndicho ningekinunua kwanza. Zima Wi-Fi ya kompyuta. Saa moja na nusu usiku, mambo yakishaanza kuharibika, fungua dirisha la amri (kwenye Windows andika cmd) na uandike `ping -t 192.168.1.1`. Anwani ya ruta yenu imeandikwa kwenye kibandiko chini yake. Kwa ruta nyingine ni 192.168.100.1; andika iliyo kwenye kibandiko chenu. Fungua dirisha la pili uandike `ping -t 8.8.8.8`. La kwanza linaiuliza ruta "upo?" kila sekunde na kuhesabu imechukua milisekunde ngapi kujibu. La pili linauliza seva ya Google, nje ya nyumba. Acha yote mawili yaende dakika kumi, tazama namba. Kisha chomoa kebo, washa Wi-Fi, rudi chumbani unapofanyia kazi, urudie.

Kwa kebo, ruta inatakiwa ijibu ndani ya milisekunde 1 au 2, bila kukosa hata mara moja. Kwa Wi-Fi, chini ya 10 ni nzuri. Ukiwa chumbani ukaona ruta yenyewe, iliyo mita chache tu kutoka kwako, inajibu kwa milisekunde 200, mara 15, mara 400, mara "Request timed out", basi tatizo ni hewa ya nyumbani kwako na hakuna kampuni utakayohamia itakayokuponya. Ikiwa kwa kebo ruta inajibu vizuri lakini 8.8.8.8 inayumba, shuku sehemu ya pili. Nahisi utaona mchanganyiko: chumbani zote mbili zinayumba, na kwa kebo ile ya nje inayumba kwa vipindi.

Tuanze na hewa. Wi-Fi ni baraza ambalo anaongea mmoja mmoja: kwenye chaneli moja, kifaa kimoja kikisema vingine vinanyamaza na kusubiri zamu. Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba wanaosubiri si vifaa vyako peke yake. Vifaa vya jirani vikiwa kwenye chaneli ileile vinasubiri pamoja na vyako, hata kama havijui nenosiri lako. Kwenye masafa ya 2.4 GHz kuna chaneli 13, lakini zinapandiana. Zisizogusana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11. Fungua orodha ya Wi-Fi kwenye simu yako saa mbili usiku ukahesabu majina. Kwenye ghorofa za Ilala kuona majina kumi na tano ni kawaida. Yale ya 2.4 GHz yote yanagawana chaneli tatu, na jioni wote wako nyumbani. Mchana hawapo. Umeona saa yako ya saa moja usiku inakotoka?

Kuna jambo la ziada. Kifaa kilicho mbali, au nyuma ya ukuta mzito, huongea polepole, kwa hiyo zamu yake inachukua muda mrefu kuliko ya kifaa kilicho karibu. Kompyuta yako iko chumbani, nyuma ya ukuta wa zege wenye nondo, na ruta imefichwa nyuma ya TV, ambayo mgongo wake una chuma. Hapo unajichelewesha mwenyewe na kuwachelewesha wengine. Wale mafundi wanaofunga ruta nyuma ya TV wanafanya hivyo kwa sababu tundu la umeme liko pale, basi.

Dawa ya sehemu hii haina gharama kubwa. Mwombe fundi aitoe ruta nyuma ya TV na kuiweka juu, usawa wa kifua au zaidi, mahali ambapo mlango wa chumba chako unaonekana. Isikae ndani ya kabati, wala juu ya friji, wala jirani na maikrowevu, maana maikrowevu hufanya kazi karibu na 2.45 GHz na ikiwaka huvuruga masafa yaleyale. Kisha ingia kwenye mipangilio ya ruta utenganishe majina: masafa ya 2.4 GHz yawe na jina lake, ya 5 GHz yawe na lake. Kompyuta yako ya kazi, TV na simu zenu wakubwa ziunganishe kwenye 5 GHz. Pale chaneli ni nyingi zaidi, na kwa kuwa masafa hayo hayapenyi kuta vizuri, ya jirani nayo hayakufikii kwa nguvu; udhaifu wake ndio faida yako. Kamera ziache kwenye 2.4, nyingi hazijui nyingine. Kama ruta yenu haina 5 GHz kabisa, hapo sina ubishi, iombeni kampuni ibadilishe.

Tatizo la pili ndilo ninalolishuku zaidi, na ni vigumu kuliona kwa sababu halina alama yoyote. Ni upande wa kupakia. Faiba ina njia mbili, ya kupakua na ya kupakia, na watu huitazama ya kwanza tu. Jioni simu tano zinarudi nyumbani, zinachomekwa chaji, zinaona Wi-Fi, na zenyewe bila kuulizwa zinaanza kutuma picha na video za siku nzima kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Dakika moja ya video ya simu, ubora wa 1080p, inaweza kufika MB 60 hadi 130. Mtoto akirekodi dakika tano za kucheza, hiyo ni kama MB 500, na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, njia ya kupakia ya Mbps 20 inajaa pomoni kwa zaidi ya dakika tatu kwa ajili ya video hiyo moja. Ongeza kamera mbili zinazotuma muda wote. Na simu inayotuma picha haina adabu ya kubakiza: inachukua nafasi yote inayoikuta. Ukiipa 20 inajaza 20, ukiipa 50 inajaza 50. Ndiyo maana kupandisha kifurushi hakukubadilisha kitu ulichoweza kukiona. (Angalieni pia mkataba: kampuni nyingine zikitaja 50 zinamaanisha kupakua, na kupakia hakukuongezwa.)

Njia ikijaa, ruta haitupi mara moja data inayozidi. Inaipanga kwenye foleni. Foleni hiyo ndani ya ruta za kawaida ni ndefu mno, na haina ubaguzi. Kipande chako cha sauti, kidogo kabisa, kinasimama mwisho nyuma ya mamia ya vipande vya picha za harusi. Kinapofika, mwenzako ameshaanza kuuliza "unanisikia?". Ukizima ruta, foleni inafutika, simu zinakatishwa kutuma na huchukua muda kuanza upya, na ruta nyingi zikiwaka huchagua upya chaneli yenye nafuu. Zile dakika ishirini za utulivu ulizoziona ndizo hizo. Mtu akikwambia "zima uwashe" na ikasaidia, amekupa dalili ya tatizo, hajalitibu.

Kulithibitisha ni rahisi. Kompyuta ikiwa kwenye kebo na lile dirisha la 8.8.8.8 likiendelea, ondoa simu zote na kamera kwenye Wi-Fi. Namba zikitulia, rudisha kamera. Kisha rudisha simu moja na uilazimishe itume video kwenye hifadhi. Ukiona namba zinapanda pale pale hadi mamia, umempata mhalifu.

Halafu? Kwenye kila simu weka hifadhi ya picha kuwa ya mkono, au ruhusu itume usiku mkilala. Kamera nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kushusha ubora au wa kutuma pale tu kinapopita kitu. Kama mojawapo inatazama maegesho, haina haja ya kurekodi gari lililosimama usiku kucha. Ruta yenu ikiwa na mpangilio unaoitwa QoS, wa kupanga kifaa gani kipite kwanza, weka kikomo cha kupakia kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kile mnachokipata kweli, na kompyuta yako uipe kipaumbele. Niseme ukweli, QoS ya ruta nyingi zinazotolewa bure na kampuni ni jina tu, inabonyezwa na haifanyi kitu. Jaribu, pima kwa ping, usipoona tofauti achana nayo.

Sasa upande wa faiba, nisiupite. Tazama taa za kile kiboksi kinachoingia waya mwembamba. Taa iliyoandikwa PON, ya kuonyesha kwamba faiba imeunganishwa, inatakiwa iwake bila kupepesa. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki kabisa, na hapo hakuna cha kufanya zaidi ya kupiga simu. Uzi wenyewe wa kioo ulio ndani ya waya ule ni mwembamba karibu kama unywele. Ukikunjwa kona kali nyuma ya kochi, mwanga unavuja pale kwenye kona na huduma inakuwa ya kuja na kuondoka. Ufuate kwa macho kutoka unapoingia ukutani. Usiuchomoe wala kuuchungulia ncha yake. Kama unaweza kuingia kwenye mipangilio, tafuta nguvu ya mwanga unaopokelewa: vipokezi vya kawaida vya faiba za nyumbani vinasoma hadi karibu −27 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga; kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri ndivyo mwanga ulivyo hafifu), kwa hiyo ukiona −20 mko salama, ukiona −26 mko ukingoni, na siku ya mvua, maji yakiingia kwenye kiboksi cha nguzoni, mtadondoka. Namba hiyo piga picha. Fundi akisikia mteja anataja dBm anakuja na vifaa.

Jambo moja dogo: kama ruta inajizima na kujiwasha yenyewe, taa zote zikafa kisha zikarudi, shuku adapta yake kabla ya mengine. Adapta chovu ni ugonjwa wa kawaida sana na dawa yake ni kununua nyingine yenye volti zilezile hasa na ampea zisizopungua. Kwako hujaitaja dalili hiyo, kwa hiyo naendelea.

Busta. Sababu ya kumkatalia mume wako ni hii: busta ya bei rahisi inasikiliza ruta na kurudia kila kitu hewani, mara nyingi kwenye chaneli ileile. Kila neno linasemwa mara mbili. Kwenye nyumba ya shambani isiyo na jirani inafaa. Kwenye ghorofa lenye hewa iliyojaa tayari, alama za Wi-Fi zitajaa chumbani na mkutano utaendelea kukata, tena mtashindwa kuelewa kwa nini. Kama baada ya kuhamisha ruta chumba bado hakisikii, vuta kebo moja kutoka sebuleni hadi chumbani, pembeni ya dari, na mwisho wake chomeka kompyuta moja kwa moja au ruta ya pili iliyowekwa kama kituo cha Wi-Fi. Fundi wa mtaani anaweza kuifanya ndani ya saa moja. Vile vifaa vya meshi, vituo vya Wi-Fi vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja na vinavyouzwa viwili au vitatu kwa pamoja, ni vizuri, lakini ni ghali, na vinakuwa vizuri zaidi vikiunganishwa kwa kebo hiyohiyo. Kwa mtu mwenye mkutano wa kazi kila usiku, mimi ningevuta kebo na kulala.

Ikitokea kwamba kompyuta iko kwenye kebo, vifaa vingine vyote vimeondolewa, ruta inajibu kwa milisekunde 1, mwanga ni mzuri, na bado 8.8.8.8 inapotea au inapanda kila siku kuanzia saa moja usiku, basi nimekosea kuwashuku ninyi na njia ya kampuni imejaa. Faiba za majumbani kwa kawaida hugawana: uzi mmoja wenye uwezo wa Gbps 2.5 (yaani Mbps 2,500) za kupakua unahudumia nyumba 32 au 64, na huko mbele kampuni nayo ina njia zake zinazoweza kuzidiwa. Huwezi kulitengeneza hilo ukiwa nyumbani. Unachoweza ni ushahidi. Piga picha ya skrini kwa jioni kadhaa, saa zikionekana, andika kwamba ni kwa kebo, na utume kwa maandishi ukidai fundi aje kati ya saa moja na saa tatu usiku. Tunza namba ya malalamiko. Wasipokushughulikia, unayo haki ya kupeleka lalamiko TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambao kwanza watataka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma. Na kabla ya kusaini na kampuni nyingine, waulize majirani wa jengo lenu wanaoitumia hali yake ikoje saa mbili usiku. Jibu la mchana halina maana.

Wakati hayo yanaendelea, usihatarishe kazi yako: weka bando dogo kwenye simu na uwe tayari kuiwasha kama hotspoti kwa saa ile ya mkutano. Na mkishapanga simu, kamera na mahali pa ruta, ikapita wiki mbili bila kukatwa, ombeni kurudishiwa kifurushi cha 20. Nyumba yenye TV moja na mkutano mmoja haina kazi ya 50.